Washa Alama Zisizoonekana Kabla ya Kuhariri Mswada

Ninapopokea mswada wa kuhariri, kabla sijasoma hata sentensi moja, huwasha kwanza alama zisizoonekana. Katika Microsoft Word hubonyezwa Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Katika LibreOffice Writer ni Ctrl na F10. Papo hapo kila nafasi hujitokeza kama kitone, kila Tab kama mshale, na kila mwisho wa aya kama ¶. Hapo ndipo unapoona vitone vilivyofuatana mahali ambapo Tab moja ingetosha, au msururu wa ¶ tupu uliowekwa ili kusukuma sura mpya hadi ukurasa wa pili. Kazi ya namna hiyo hupendeza kwenye kompyuta ya mwandishi, lakini mchapaji akibadilisha fonti au ukubwa wa karatasi, kila kitu huhama. Ukitaka ukurasa mpya, bonyeza Ctrl na Enter.

Alama ninayoisisitiza zaidi kwa waandishi wachanga ni nafasi isiyokatika, inayopatikana katika Word kwa Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi, na inayoonekana kama kiduara kidogo. Hiyo huzuia "Sh." kubaki mwisho wa mstari huku 5,000 ikianza mstari unaofuata, au "Dkt." kutengana na jina la mwenyewe. Msomaji hataiona, lakini atasoma bila kukwama.

Kwa Kiswahili, hata hivyo, suala zito kuliko yote ni ritifaa ya ng'. Kwa macho, Chang'ombe na Chang’ombe ni neno moja. Kwa kompyuta ritifaa hizo ni alama mbili tofauti, kwa kuwa iliyonyooka ina namba U+0027 katika Unicode, mfumo unaoipa kila alama ya maandishi namba yake, na iliyopinda ina U+2019. Mswada uliopitia mikono ya watu kadhaa, sehemu ukichapwa kwenye simu na sehemu ukinakiliwa kutoka kwenye intaneti, mara nyingi huwa nazo zote mbili, na wakati mwingine hata ile inayopindia upande wa kufungua nukuu, ambayo katikati ya neno ni kosa tupu. Matokeo yake ni kwamba programu inayolinganisha herufi moja moja inaweza kuorodhesha Murang'a mara mbili, kana kwamba ni miji miwili. Ukitaka kujua uliyonayo, katika Word ya Windows weka kishale mara baada ya alama hiyo, kisha bonyeza Alt na X. Namba yake itatokea, na ukibonyeza tena alama itarudi.

Kwa kitabu cha kuchapishwa napendelea iliyopinda, kwa sababu inakaa vizuri zaidi kati ya herufi. Kwa orodha za majina na kanzidata, iliyonyooka ni salama zaidi kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kibodi. Kusawazisha ni rahisi: katika Word, fungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, andika ritifaa katika visanduku vyote viwili, kisha ubadilishe zote. Kama mpangilio wa kupindisha nukuu umewashwa, zote zitapinda. Ukiuzima kwanza, zote zitanyooka. Fanya hivyo kabla ya kuandaa faharasa, si baada yake.