Kabla ya Kununua RAM, Angalia Kurasa Ziko Nodi Gani

Wiki hii kijana mmoja anayesoma kompyuta hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ameniandikia: "Shikamoo kaka. Seva yetu ya mradi ina prosesa mbili na RAM ya kutosha, lakini programu inajikokota. Tuongeze RAM?"

Marahaba mdogo wangu. Usiongeze chochote kwanza. Swali lako limenigusa, maana niliwahi kulijibu mbele ya wakubwa zangu kazini na hawakunisikiliza.

Kwenye seva ya prosesa mbili, kila prosesa ina RAM yake jirani. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachogawa prosesa na kumbukumbu, huliita kila fungu nodi. Prosesa inaweza kusoma RAM ya nodi nyingine, ila inaichukua muda mrefu zaidi. Andika numactl --hardware uone jedwali la umbali, kwa namba za kulinganisha tu: 10 kwa nodi yenyewe, mara nyingi 20 au 21 kwa ya jirani. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kufafanuliwa sana: mtumishi ameshahamia Mtumba kwenye Mji wa Serikali, faili lake limebaki Dar es Salaam. Kazi itafanyika, lakini kila saini ni safari.

Ofisi niliyokuwa nayo wakati huo, hapa hapa mjini, ilikuwa na seva ya namna hiyo. Hifadhidata ilikaa nodi 0. Programu ya ripoti nayo ilizaliwa nodi 0, kisha mtu akaifunga kwa amri ya taskset itumie prosesa ya nodi 1 ili isiibughudhi hifadhidata. Wazo zuri, lakini taskset huhamisha utekelezaji tu. Kumbukumbu hubaki pale ilipoguswa mara ya kwanza, kwa sababu kerneli hugawa kumbukumbu kwa vipande vidogo viitwavyo kurasa, huutafutia ukurasa mahali pale programu inapouandika kwa mara ya kwanza, na kwa kawaida huuweka kwenye nodi ya prosesa inayoandika. Isitoshe, kernel.numa_balancing, ambayo ingezisogeza kurasa polepole yenyewe, ilikuwa imezimwa.

Ripoti za mwisho wa mwezi zikawa kilio. Kikao kikaamua: RAM inunuliwe. Mimi nilikuwa nimeshaendesha numastat -p, amri inayoonyesha kumbukumbu ya programu iko nodi gani, na kuona karibu kumbukumbu yote ya programu ile imelala nodi 0, huku nodi 1 ikiwa na nafasi tele. Nikasema. Nikaambiwa niache nadharia za chuoni.

Jioni nilipata ruhusa ya kujaribu. Amri ni moja: migratepages, namba ya mchakato (programu inayoendeshwa), kisha 0 1, yaani toka nodi 0 kwenda nodi 1. Programu haikuzimwa. Ndani ya kerneli kazi ni nzito kuliko amri inavyoonekana: ukurasa unatolewa kwenye orodha yake, unafungwa, alama ya mpito inawekwa kwenye jedwali la kurasa, linaloonyesha kila ukurasa uko wapi kwenye RAM, ili atakayeugusa asubiri, anwani za zamani zinafutwa kwenye kashe za prosesa, yaliyomo yananakiliwa nodi mpya, kisha jedwali linaelekezwa huko. Programu haijui kitu, anwani zake ni zile zile. Gigabaiti 1 ya kurasa za kilobaiti 4 ni kurasa 262,144, kwa hiyo usifanye hivyo saa ya msongamano.

Ripoti ziliharakika usiku ule ule. Kwenye kikao kilichofuata sifa alipewa mwingine. Nimeshasamehe, ila sijasahau, na ndiyo maana nawaambia vijana: hifadhini matokeo ya numastat ya kabla na ya baada, yawe na tarehe. Bila ushahidi ule, kazi yako ni hadithi tu.

Sasa wewe. Anza na numastat -p. Ukitaka undani, soma /proc/PID/numa_maps (PID ni namba ya mchakato), au ndani ya programu yako uiite huduma ya kerneli iitwayo move_pages bila kuipa orodha ya nodi: haitahamisha chochote, itakueleza tu kila ukurasa uko wapi. Hakikisha nodi unayohamia ina nafasi. Jua pia kwamba kurasa zilizoshikiliwa na kifaa kinachosoma RAM moja kwa moja hazihami, na zinazotumiwa na michakato mingi zinadai mamlaka maalumu ya Linux iitwayo CAP_SYS_NICE.

Lakini nakusihi, kuhamisha kusiwe desturi. Panga mapema. Iwashe programu kwa numactl --cpunodebind=1 --membind=1, inayofunga utekelezaji na kumbukumbu nodi 1, ikiwa inatosha nodi moja; membind ni kali, nodi ikijaa kerneli haitaazima kwa jirani. Ikiwa programu ni kubwa na nyuzi zake (kazi zake zinazoendeshwa sambamba) ziko pande zote mbili, tumia numactl --interleave=all, inayosambaza kurasa kwa zamu kwenye nodi zote. Vijana wengi mnakimbilia vifaa vipya kabla ya kuisoma mashine mliyonayo, na fedha za mradi ni za watu. Isomeni kwanza.

Nitumie matokeo ya numastat na jedwali la umbali, tuyaangalie pamoja kabla hujapeleka ombi la manunuzi.