Sera ya idadi ya watu katika kaunti: maswali yenu na majibu

Nilipoandika kwamba kaunti za Kenya zenye uzazi wa juu ziandike sera zao wenyewe za idadi ya watu, bila kungoja Nairobi, mlinijibu kwa wingi na wengine kwa ukali. Nimechagua maswali yanayogusa kiini cha jambo.

Sera ya taifa tunayo tayari. Kaunti iandike nyingine ya nini? (Msomaji, Isiolo)

Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, ikiwa nchi ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulipata 3.4. Ukiishia hapo utadhani kazi imekwisha, lakini ukitazama kaunti moja moja utakuta Nairobi iko 2.5 na Mandera 7.7. Embu, wake watatu kati ya wanne wanatumia njia za kisasa za kupanga uzazi. Mandera ni wawili kati ya mia. Wastani wa 3.4 hausemi lolote kuhusu mama wa Mandera. Na tangu 2013 zahanati na wauguzi wako chini ya kaunti, kwa hiyo anayeweza kubadilisha hali ni kaunti yenyewe.

Kaskazini tulisahauliwa tangu enzi za mkoloni. Leo tumeongezeka, tuna sauti, ndipo mnaleta vidonge. Mgao wa fedha unahesabu vichwa, na maeneo bunge vilevile. Kwa nini tujipunguze? (Msomaji, Wajir)

Hofu yako ina msingi. Baada ya sensa ya 2009, serikali ilifuta matokeo ya wilaya 8 za Turkana, Mandera, Wajir na Lagdera, ikidai idadi imepanda kupita kiasi. Mtu ambaye hata kuhesabiwa kwake kumetiliwa shaka, ukimjia na habari za kupunguza uzazi, atakusikiaje? Ndiyo maana naamini sera ya kaunti inapaswa kutamka kwenye ukurasa wa kwanza kwamba hakuna familia itakayowekewa idadi ya watoto, wala muuguzi atakayepewa lengo la sindano za kupanga uzazi la kutimiza.

Kuhusu fedha, vichwa si kila kitu. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha za taifa iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Ya tatu, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 na kutumika hadi 2025, iliupunguza hadi 18, huku umaskini, ukubwa wa ardhi na mahitaji ya afya vikihesabiwa kivyake. Kwa maeneo bunge, Katiba inayapa maeneo yenye watu wachache waliotawanyika nafuu: idadi ya watu wao inaweza kupungua chini ya wastani wa taifa kwa hadi asilimia 40. Tena kichwa kinacholeta mgao ndicho kile kile kinachohitaji dawati, chanjo na maji mwaka huo huo.

Vidonge pekee, kwa maoni yangu, havitabadilisha Wajir. Mzazi anayezika watoto hawezi kuambiwa azae wachache. Kitaifa, wanawake wasiosoma kabisa huzaa wastani wa watoto 6.3, na waliopita sekondari 2.8. Ningekuwa naandika sera ya kaunti yenu, ningeanza na bweni la wasichana, chanjo zinazoifikia manyatta, na zahanati yenye mkunga usiku. Uzazi wa mpango ungekuja baada ya hapo, kwa anayeutaka.

Maimamu wetu wanasema ni haramu. (Msomaji, Garissa)

Wengi hutofautisha kufunga kizazi kabisa na kupishanisha uzazi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili, na hadithi kuhusu azl, yaani mume kumwaga nje ili kuepuka mimba, mashekhe wenu wanazijua kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mama apumzike angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Waiteni mashekhe rasimu ikiandikwa, msingoje siku ya uzinduzi.

Mimi ni muuguzi. Akina mama huacha kadi zao za kliniki kwangu ili waume wasizione. Sera itanisaidia nini? (Msomaji, Samburu)

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kijiti cha kupanga uzazi hupapaswa chini ya ngozi ya mkono, sindano ya miezi mitatu haiachi alama, na nadhani ndiyo sababu wengi huomba sindano hata wakijua kijiti cha miaka mitatu kingewapunguzia safari. Sera ikupe chumba chenye mlango unaofungwa na daftari lisilokaa juu ya meza. Ikumbushe pia kwamba ridhaa inayohitajika ni ya mama mwenyewe. Wanaume wafuatwe kisimani na kwenye soko la mifugo, na mwanamume mwenzao anayeheshimika.

Kwenu, nusu ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Ndoa chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, na machifu wanajua zinakofungwa. Hapo sera isione haya kuwataja.

Fedha zitatoka wapi? (Msomaji, Pokot Magharibi)

Kwenye bajeti ya kaunti, katika fungu lenye jina lake. Kwa miaka mingi wafadhili ndio walionunua sehemu kubwa ya dawa za kupanga uzazi, na Marekani ilipokata misaada mwaka 2025 sote tuliona hatari ya kutegemea mkono wa mwingine. Wawakilishi wadi wakikataa fungu hilo, msipoteze pesa kuchapisha sera.

Tutaona matokeo lini? (Msomaji, Marsabit)

Si katika muhula mmoja wa gavana. Wasichana watakaozaa miaka 15 ijayo wameshazaliwa, kwa hiyo idadi itaendelea kupanda hata uzazi ukishuka. Hata nchi nzima iliwahi kukwama: 4.7 mwaka 1998, 4.9 mwaka 2003. Miaka 5 ya kwanza pimeni yanayosogea mapema, yaani wasichana waliofika kidato cha nne, akina mama waliorudi kwa sindano ya pili, na siku ambazo stoo ya dawa ilikuwa tupu.