Gari ya spoti ya wikiendi kwa sisi wa Mwanza: nilichojifunza kwa Altezza mbili

Mkuu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Upo Nyakato, IST unayo ya kwendea kazini, umeweka milioni 15 pembeni na macho yako yapo kwenye Mazda RX-8, Subaru WRX na Toyota Altezza, unataka kujua ipi itakupa raha Jumamosi na Jumapili bila kukumaliza. Wengi waliokujibu wameanza na idadi ya farasi, yaani nguvu ya injini. Mimi nimemiliki Altezza mbili hapa hapa mjini, ya kwanza ilinitesa miezi 14, ya pili ninayo mpaka leo naandika hivi ipo nje imefunikwa turubai, na kwa yote niliyopitia nakushauri utafute gari ambayo haijachezewa, yenye injini ambayo fundi wa mtaani kwako ameshaifumua na kuirudisha mara nyingi. Farasi wahesabu mwishoni kabisa.

Ya kwanza ilikuwa RS200, ile yenye injini ya 3S-GE, silinda nne, kwenye makaratasi farasi 210 kwa gia za manyuo. Niliiona kwenye picha tu, imeshushwa chini, rimu kubwa, egzosi inanguruma, dalali wa Dar akanitumia na video. Nikapanda basi nikaenda kuichukua, mchana saa nane, nimeikuta inaunguruma tayari imepashwa moto. Hapo ndipo nilipopigwa maana injini ile ukitaka kujua afya yake lazima uisikie ikiwashwa ya baridi, gia za VVT-i, zile zinazobadilisha muda wa valvu kufunguka, zikiwa zimechoka inagonga kama dizeli kwa sekunde kadhaa halafu inanyamaza, sasa wewe ukikuta ishapata moto utaisikia imetulia kama mpya. Nikalipa, nikaondoka. Kupanda mlima Saranda kabla ya Manyoni geji ya temperecha ikaanza kusogea, nikapaki pembeni boneti juu, maji ya rejeta yanatoka kahawia kama chai ya rangi. Nikakaa pale saa nzima nasubiri ipoe, nikajaza maji ya chupa, nikaendelea kwa 60 mpaka Singida. Asubuhi yake nikaiwasha ya baridi kwa mara ya kwanza, ikagonga. Nilijua tayari nimeingia.

Mwanza fundi akainyanyua na jeki, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, rangi ikabanduka na nyuma yake hakuna bati, kuna puti ya kuzibia mashimo. Gari ilikuwa imekaa pwani miaka mingi, chumvi imekula chini kote, wao wamepaka puti na rangi nyeusi juu yake. Hili wengi hawalifikirii. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo gari iliyokulia Mwanza, Shinyanga au Tabora kwa kawaida bati lake la chini ni zima kuliko iliyokaa Dar au Tanga, na hata zinazotoka Japani zipo zilizotumika kaskazini kule Hokkaido ambako wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, nazo huja zimeoza kwa chini wakati juu zinang'aa. Ndiyo maana siku hizi nikienda kuangalia gari nabeba sumaku ndogo nimeifunga kitambaa laini isikwaruze rangi. Napitisha kwenye ukingo wa matairi, chini ya milango, na kwenye buti baada ya kunyanyua kapeti na kutoa spea tairi. Kwenye bati sumaku inashika, kwenye puti nene inadondoka mkononi.

Sasa kuhusu njia zetu, kwa sababu gari ya wikiendi unainunua kwa ajili ya njia. Mimi nina mizunguko miwili. Mmoja natoka alfajiri Buzuruga, Igoma, Kisesa, Magu mpaka Lamadi, ukishaipita Magu kuna sehemu ziwa linaonekana mkono wa kushoto, jua linatoka mkono wa kulia, lami imenyooka. Mwingine Buhongwa, Usagara, Kigongo, navuka daraja naingia Busisi mpaka Sengerema, narudi. Zamani pale tulikuwa tunapanda kivuko na gari iliyoshushwa pale kwenye kupanda na kushuka bampa lilikuwa linasaga kila safari, ile RS200 iliacha kipande cha bampa pale. Tangu daraja limefunguliwa 19 Juni 2025 ni kilomita 3 za lami juu ya maji, ukipita asubuhi kioo kimeshushwa unasikia upepo wa ziwa wenyewe. Na ukitaka kufupisha unaunganisha mizunguko yote miwili kwa barabara ya mchepuko ya Usagara–Kisesa bila kuingia mjini.

Lakini katika njia zote hizo kila kijiji ni 50, matuta yapo mengine hayana hata rangi, trafiki wapo na tochi, na ng'ombe wa Kisukuma wakivuka wanavuka wote hata kama wewe una turbo. Huo mwendo mkubwa utaupata wapi? Raha utakayoipata ni ya kupangua gia, kona ya gari inayosukumwa na matairi ya nyuma, na usukani unaokwambia barabara ikoje. Hiyo raha ipo kwenye 80 sawasawa tu na kwenye 160, na kwenye 80 unarudi nyumbani.

Halafu kuna jambo la urefu. Sisi hapa ziwa lenyewe lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, na injini isiyo na turbo inapoteza takriban farasi mmoja katika kila kumi. Kwa hiyo 210 za kwenye karatasi ukiwa Igoma sio 210. Turbo haiumii hivyo kwa sababu inaishindilia hewa yenyewe, na hapa namkubali anayekwambia WRX itakuwa na nguvu kweli Mwanza. Shida ya WRX ni mtu aliyekutangulia. Zile gari nyingi zimeongezewa presha ya turbo na kijana asiyejali oili, injini ya EJ20 ikikosa oili nzuri beringi za koneti zinaanza kugonga, na kwa jinsi injini ilivyolala kazi nyingi za kichwa cha silinda zinataka injini ishushwe kabisa. Ukipata ya mtu mzima, haijaguswa, ana risiti za oili na za taimingi belti, chukua. Mimi nimezunguka miaka nimeona moja tu ya namna hiyo.

RX-8 nakuomba uiache. Sio gari mbaya, nimeiendesha, ni tamu kwenye kona kuliko Altezza na sitaficha. Ila ile injini ni rotari, haina pistoni, inakunywa oili kwa makusudi kwa sababu ndivyo ilivyoundwa, inadungwa oili kidogo kidogo kulainisha sili za rota, kwa hiyo stiki ya oili unaichomoa kila unapojaza mafuta mara mbili hivi, na sili zikichoka kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, inakufa. Kipimo cha kawaida cha kompresheni alichonacho fundi wako hakifai, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu na kile kinakuonyesha ule uso mzima tu, zilizokufa zinajificha. Kama moyo umegoma kabisa na lazima uangalie moja, iendeshe mpaka ipate moto wa kutosha, izime, subiri dakika kumi, iwashe. Ikizungusha stata muda mrefu ndiyo ishike, funga mlango, mshukuru mwenyewe, ondoka.

Kinachonifanya nikusukumie Altezza ni ile nyingine ambayo watu wanaidharau, AS200. Ina injini ya 1G-FE, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, lita 2, farasi 160. Wanaobishana kwa namba wanaicheka. Lakini ngosha, injini hiyo ndiyo ipo kwenye Mark II GX110, na GX110 Mwanza zimejaa. Taimingi belti, pampu ya maji, plagi, koili, gasketi, vyote naulizia mjini asubuhi na mchana gari inatembea. Kwenye ile RS200 nilisubiri gia ya VVT-i wiki saba ije kutoka nje. Na AS200 ilitoka pia na gia sita za manyuo, ni chache, zitafute, maana otomatiki yake ni ya gia nne na inasinzia. Ya kwangu niliipata kwa mwalimu mstaafu upande wa Magu, haijashushwa, rimu zake za kiwandani, egzosi haina kelele, redio hata haifanyi kazi. Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa getini kwake, nikaweka kiganja juu ya boneti, baridi. Nikamwambia mzee naomba uiwashe mimi nisikilize. Ikashika mara moja, ikatulia kwenye mlio ule wa sita, laini, sindano haichezi. Moshi hakuna. Nikafungua kifuniko cha oili, ndani ni rangi ya asali iliyokolea, hakuna ule utando wa maziwa unaoonyesha maji yameingia. Nilishukuru Mungu pale pale.

Hata hivyo Altezza zote zina ugonjwa mmoja ambao usiuchukulie poa, boljointi za chini za mbele, zile jointi zinazoshikilia tairi la mbele na mkono wake wa chini. Ikichoka unasikia kok kok ukipanda tuta taratibu umekata kona kidogo, na ikichomoka tairi linalala nje na gari inakaa chini. Mimi ya kwanza ilianza kulia kwenye matuta ya Igoma nikajifanya ni bushi, wiki ya pili ikachomoka natoka nyumbani, bahati nilikuwa kwenye 10, ingekuwa Lamadi sijui. Kwa hiyo gari yoyote utakayoinunua zibadilishe zote mbili kabla hujatoka nayo wikiendi ya kwanza, na nunua zile za kueleweka sio za bei ya chee. Taimingi belti vile vile, kama mwenyewe hana ushahidi ilibadilishwa lini basi hesabu haijabadilishwa. Tairi angalia zile namba nne za mwisho kwenye ubavu, 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019, kuna gari za spoti zinakaa ndani muda mrefu tairi ina meno mazuri kumbe mpira umekauka kama plastiki.

Kama AS200 ya manyuo imekosekana kabisa tafuta Toyota Celica yenye injini ya 1ZZ, inavuta kwa mbele kwa hiyo utamu wa kusukumwa na matairi ya nyuma haina, ila injini ni ya cheni badala ya taimingi belti na ndiyo ipo kwenye Wish na Allion za 1800. Za miaka ya mwanzo zinakula oili, kwa hiyo kaa nyuma yake wakati mtu anaikanyaga uangalie moshi wa bluu.

Kuagiza Japani sikushauri kwa bajeti yako, Altezza iliishia 2005, na gari kuukuu namna hiyo inatozwa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine, utashangaa kodi imeipita gari. Nunua iliyopo nchini. Kadi hakikisha jina ni la anayekuuzia na haipo benki kama dhamana, na namba ya gari iangalie madeni ya faini za trafiki kabla hujatoa hela, madeni yanahama na gari.

Na hiyo milioni 15 usiimalize kwenye kununua. Ya kwangu nilitenga kama theluthi ya hela yote, ikaenda kwenye boljointi, belti, pampu ya maji, tairi nne, shokapu za nyuma na kuvua breki zote maana kalipa moja ilikuwa imeganda. Ilikaa gereji siku nne na tangu hapo imenirudisha nyumbani kila Jumapili.

Ukipata ya kuangalia, iwe hapa mjini au Shinyanga, niandikie. Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka tufike, tutakuwa pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sumaku ninayo.