Lifti za Alta nilivyozipanga mimi, kwa mtu anayeanza ski ukubwani

Huku Salt Lake City, Marekani, tupo wengi tu tunaoongea Kiswahili, kuna Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania, na kila asubuhi tunaiona milima ile imejaa theluji lakini ukiuliza nani ameshapanda kucheza unakuta watu wanaangaliana. Hata mimi nilikuwa hivohivo. Nimezaliwa Moshi, theluji ya Kibo nimeiangalia tangu mdogo nikiwa uani kwetu, ila kuigusa nimekuja kuigusa huku, na ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao mbili miguuni, nimeanza nikiwa na miaka 34. Sasa ni msimu wa sita naenda Alta, mlima wa kuchezea ski hapo juu ya jiji, na kila nikimshawishi mtu twende swali linakuwa lilelile, nianzie lifti gani, yaani vile viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma vinavyokupandisha mlimani? Ndo maana nimeamua kuandika, maana jibu nililopewa mimi mwanzoni halikunisaidia.

Kwa asiyepajua, Alta iko juu kabisa kwenye bonde la Little Cottonwood, mwisho wa barabara. Chini kwenye maegesho ni futi 8,530, karibu mita 2,600, yaani uko juu kama mtu anayekaribia kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro, na lifti zinakupeleka mpaka kama futi 10,500. Siku ya kwanza kichwa kinaweza kuuma, kunywa maji mengi na usijilazimishe. Theluji yake ni wastani wa zaidi ya inchi 500 kwa mwaka na ni nyepesi kama unga wa sembe, ukianguka haiumi sana, hilo ni jambo kubwa kwa anayeanza. Halafu Alta ni ski tu, snowboard hawaruhusu kabisa, kwahiyo usije ukaazima ubao wa mtu ukafika nao pale mlangoni.

Kabla sijapanga lifti nieleze kitu kimoja maana kinaogopesha watu wengi kuliko mteremko wenyewe, kupanda na kushuka kwenye kiti. Lifti ni za aina mbili. Kuna za kisasa ambazo kiti kikifika stesheni kinaiachia ile kamba ya chuma, kinatembea taratibu kwenye reli yake, unakaa bila presha, halafu kinaishika kamba tena kinaondoka kwa kasi. Na kuna za zamani ambazo kiti kimefungwa moja kwa moja kwenye kamba, hakiachii, kwahiyo lifti nzima inabidi iende polepole, kama nusu ya mwendo wa zile nyingine, lakini pale pa kukaa kiti kinakuja hivohivo kinakugonga nyuma ya magoti. Watu wanadhani ya polepole ndo rahisi kwa mgeni, hapana, ni kinyume chake. Na kama una wasiwasi mwambie mhudumu wa lifti ni mara yako ya kwanza, atapunguza mwendo, wamezoea, wala hakuna aibu.

Sasa kwenye mpangilio, Alta ina lifti kubwa tano, Collins, Wildcat, Sunnyside, Sugarloaf na Supreme. Ukiwauliza wenyeji waliozaliwa na ski miguuni wengi watakwambia Collins ndo namba moja. Mimi napanga tofauti kwasababu naangalia kitu kimoja tu, ukishafika juu, unashukaje? Lifti inakupandisha dakika chache, kushuka ndo siku yako nzima.

Namba moja kwangu ni Sunnyside, na siyo kwa wanaoanza tu, hata sasa hivi siku yangu naianzia hapo. Iko upande wa Albion, ule wa mwisho wa barabara, ni kiti cha watu sita, waliiweka mwaka 2022 badala ya ile ya zamani ya watu watatu, ni pana, inapunguza mwendo vizuri stesheni, mama na mtoto na mwalimu mnakaa wote kiti kimoja. Juu pale unakuta njia ya kijani, rangi ya njia rahisi kabisa, inaitwa Crooked Mile, inazunguka zunguka taratibu mpaka chini, na uzuri wake ni kwamba hata ukikosea kona hutajikuta kwenye ukingo wa kutisha. Mimi hapo nilishuka labda mara arobaini msimu wa kwanza kabla sijagusa lifti nyingine, rafiki zangu wakawa wananiambia nimeganda, lakini miguu ilijifunza pale pale, siku moja unashtuka unageuka kushoto na kulia bila kufikiria. Ushauri wangu kwa moyo wote, usiiache Sunnyside kwasababu mtu kakwambia ni ya watoto. Iache siku ukishuka mara tatu mfululizo bila kuanguka na bila kusimama kuvuta pumzi.

Ya pili ni Sugarloaf. Watu wanne, ya kisasa, na hapa ndo utaelewa kwanini watu wanalipa hela yote ile. Unapanda ukiwa unaiona Devil's Castle, ukuta wa mwamba umesimama wima mbele yako, mara ya kwanza nilinyamaza kimya njia nzima. Kutoka juu kuna njia za bluu, yaani za kati, kama Devil's Elbow na Roller Coaster, zimesawazishwa na mashine usiku, mtu aliyetoka Sunnyside ameiva anaziweza. Juu kuna upepo, funika uso. Na sikiliza hili vizuri, juu ya Sugarloaf kuna geti la kuvukia kwenda Snowbird, ni mlima mwingine na tiketi nyingine, usifuate mkia wa watu tu kama tiketi yako ni ya Alta peke yake.

Supreme naiweka ya tatu. Iko mwisho kabisa, ilijengwa upya 2017, ni ya watu wanne na ilivyojengwa hapo ilikuwa inapinda katikati ya njia, kitu ambacho lifti nyingi haziwezi. Miti ni mingi upande ule kwahiyo siku ya mawingu unaona unapoenda, bila miti siku kama hiyo kila kitu ni cheupe, juu na chini hujui ipi ni ipi. Foleni yake mara nyingi ni fupi pia, wengi wanachoka kufika huko.

Collins ya nne, na najua nitabishiwa. Ndo mama wa lifti za Alta, ya kwanza ilifunguliwa Januari 1939, kiti cha mtu mmoja, na waliijenga kwa vifaa vya lifti ya kubebea madini maana Alta ulikuwa mji wa machimbo ya fedha. Ya sasa ni ya 2004, watu wanne, katikati ina stesheni inakata kona halafu unaendelea. Kwa mtu aliyekomaa ni tamu sana, sibishi. Ila msimu wangu wa pili niliwafuata jamaa zangu huko siku ya theluji nzito kwasababu kwenye ramani niliona njia inaitwa Mambo, jamani, Mambo, nikafurahi nikasema hii ni yetu lazima niishuke. Tulipofika juu wingu limeshuka, mkono wako huuoni vizuri, wenzangu wakapotea mbele na mimi nikabaki nashuka upande upande kama kaa, karibu saa zima, miguu inatetemeka na sijui kama nitafika. Sikuumia namshukuru Mungu, ila lile lilikuwa kosa langu, sikuuliza mtu yeyote juu kukoje. Mwaka uliofuata nilirudi siku ya jua nikaishuka Mambo vizuri kabisa na pale chini nilisema poa kwa sauti. Kwahiyo Collins nenda, ila siku ya jua na uende na mtu atakayekusubiri.

Ya tano Wildcat, hii ndo ile ya zamani, watu wawili, kiti hakiachii kamba. Njia zake nyingi ni wima na zina matuta matuta. Nimeipanda mara chache nikaipenda ule ukimya wake, mnakaa wawili mnaongea, ila kwa mgeni bado.

Kingine, ukija kwa basi au gari utakutana kwanza na upande wa Wildcat na Collins, wageni wengi wanashuka hapo kwasababu wanaona watu wengi. Usishuke. Endelea mpaka Albion mwisho wa barabara, Sunnyside ndo iko huko. Ukishuka kwa bahati mbaya usijali, kuna kamba ndefu ya kuvuta inayounganisha pande mbili, inaenda na kurudi kwenye tambarare, unaishika tu inakuburuta. Hiyo kamba inakula glovu, zangu za kitambaa zilitoboka mwezi wa kwanza, nunua za ngozi. Wikiendi ondoka nyumbani alfajiri maana foleni ya magari bondeni ni taa nyekundu mpaka chini kabisa, na maegesho siku hizo angalia kama yanahitaji kubuku kabla. Jumanne au Jumatano ukipata ofu ndo nzuri zaidi, nitafute nikiwa huru twende wote, mizunguko ya kwanza tunaifanya pale Sunnyside.