Jibu: Miezi mitano tangu nitolewe tezi dume, vidonge havisaidii

Pole, kakangu. Unasema ni miezi mitano tangu utolewe tezi dume na uume hausimami hata kwa vidonge; hiyo bado mapema. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume hupita ubavuni mwa tezi dume. Hata ikihifadhiwa huchubuka, na kupona kwake huweza kuchukua miaka 2. Muulize aliyekupasua: mishipa hiyo ilibakishwa pande zote mbili, upande mmoja, au haikubakishwa kabisa? Ikiwa imekatwa yote, sildenafili (dawa iliyomo kwenye Viagra) haitakufaa sana hata uongeze dozi.

Mimi pia vidonge vilinigomea. Kilichonisaidia ni pampu ya kuvuta hewa, kisha mpira wa kubana shinani, usiozidi nusu saa. Siku ya kwanza mke wangu alicheka mpaka machozi, nami nikacheka. Kuna na sindano ya alprostadili, dawa ya kusimamisha uume, hudungwa ubavuni mwa uume wenyewe. Inatisha kuliko inavyouma, ila daktari akupimie kipimo kwanza. Uume ukisimama zaidi ya masaa 4, kimbia hospitali.

Hiyo poda ya nguvu za kiume uliyoambiwa sokoni Marikiti, wachana nayo. Za aina hiyo huweza kutiwa sildenafili kwa siri, na ukiwa unatumia dawa za moyo ziitwazo naitreti, presha itaporomoka vibaya. Supu ya pweza kunywa, lakini kwa utamu wake tu!