Nyanya zilizolegea kwenye udongo mbichi

Januari, joto la Dar likiwa limeshika, bomba letu Tabata lilikauka karibu wiki mbili. Nikawa namwagilia nyanya zangu sita za kwenye ndoo kwa maji ya kisima. Siku ya tano majani yakalegea. Nikaongeza maji. Yakazidi kulegea, na udongo ulikuwa chepechepe.

Mama mwenye nyumba aliyaonja maji yale ya kisima kwa ncha ya ulimi. "Mwanangu, haya ni ya chumvi. Unazidi kuipa kiu."

Na ndivyo ilivyo. Chumvi ikijaa udongoni, mizizi hushindwa kuvuta maji hata yakiwa tele. Kwa mmea huo ni ukame, kwa hiyo hutengeneza kwa wingi homoni iitwayo asidi ya abisisiki. Hii huenda kwenye stomata, vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia. Kila kitundu kina seli mbili pembeni, kama maharage mawili yanayotazamana. Zikijaa maji hupinda na kuacha upenyo katikati. Homoni ikizifikia, zinatoa potasiamu, maji yanaifuata, zinanywea, na upenyo unafungwa. Ni suala la dakika tu.

Mmea umeokoa maji, lakini hewa ya kaboni nayo imezuiwa, kwa hiyo chakula kinapungua na jani linapata joto kwa kukosa mvuke wa kulipoza. Hata hivyo usiione homoni hii kuwa adui. Wanasayansi wanazo nyanya zenye kasoro ya kuzaliwa zisizoweza kuitengeneza vya kutosha, nazo hunyauka hata zikimwagiliwa, maana vitundu vyake havifungi ipasavyo.

Kwa hiyo nakusihi, chomeka kidole udongoni kabla ya kushika kopo. Pakavu, mwagilia. Pabichi, acha kwanza. Huenda ni jua la saa saba tu, na jioni majani yatanyanyuka yenyewe. Huenda ndoo haitoi maji na mizizi imekosa hewa. Au ni chumvi, basi onja maji yako.

Mimi nilitoboa matundu zaidi chini ya ndoo, na bomba liliporudi nikapitisha maji mengi, yakatoka chini na chumvi yake. Nyanya nne zilipona. Mchicha wa pembeni, uliokunywa maji yaleyale, haukutetereka: wenyewe hunasa hewa ya kaboni vizuri hata stomata zikiwa wazi kidogo tu. Kama kisima ndicho tegemeo lako, anza na mchicha, na masika ikifika kinga pipa chini ya bati.