OSPF: ruta za pembeni weka priorite 0, na uiandike kule kule pembeni

Bandugu, juzi nilipoteza asubuhi nzima juu ya namba moja tu ya OSPF, ile lugha ruta zinatumia kuambiana njia za kupitisha data. Tuko na rezo (mtandao) ndogo hapa Bukavu, kituo cha kati kiko Ibanda, antene zinarusha Kadutu, Bagira na Panzi, na vile milima yetu iko, zile tatu hazisikiani hata kidogo, kila moja inasikia Ibanda tu. OSPF niliiweka ile aina isiyo na brodkasti (tangazo moja kwa wote), majirani unawaandika mwenyewe mmoja mmoja.

Mwanzo ilitembea muzuri juu Ibanda njo tuliwasha ya kwanza, ikakamata u-DR. DR ni kama shefu wa avenyu, wote wanamuletea habari na yeye anazisambaza. Sasa usiku umeme ukakatika, batri za Ibanda zikaisha, za pembeni ziko na sola zikabaki zinawaka, zikangoja sekunde 120, hazisikii mtu, kila moja ikajiita shefu! Ibanda kurudi inakuta mashefu watatu, priorite (namba ya kuchagua shefu) zote 1, ikakubali Panzi juu ruta ID (namba ya kitambulisho) yake ndiyo kubwa. Kwenye skrini majirani wote FULL (yaani wameungana kabisa), lakini njia za Kadutu na Bagira hazipo, na simu ya mukononi haipumziki.

Nikapandisha priorite ya Ibanda mpaka 255. Bure, OSPF haitoe shefu mwenye amekwisha kukaa. Nikaingia kwenye ile orodha ya majirani pale pale Ibanda, kila mmoja nikamwandikia priorite 0, bure tena, na hapo njo nilikaribia kurusha kibodi, kumbe ile namba ni ya kuanzia tu, helo (ujumbe wa salamu) ya jirani ikisha kufika inayohesabiwa ni ile anayojitangazia mwenyewe, na wao walikuwa bado wanasema 1.

Nikaruka kutoka Ibanda nikaingia ruta moja moja, kwenye interfesi (mlango wake wa rezo): ip ospf priority 0. Ibanda ikachukua kiti papo hapo, njia zikarudi.

Kwa hiyo ile 0 iweke ungali mezani, mbele ya kupanda nguzo. Na usihangaike kutafuta naibu wa shefu, nani atasikia wote kama si kati? Kituo kipya mimi nitakiweka ile aina ya OSPF poiniti-tu-maltipoiniti (kati kwa kila mmoja), kule hakuna shefu kabisa.